Mawimbi yapo, mnunuzi yuko wapi?

Kila ninapoeleza kazi yangu ya mafaili ya miradi ya umeme hapa Bukavu, hakosi kijana wa kuninyooshea kidole upande wa ziwa: "Mama, juu ya nini hamutumie mawimbi ya Kivu kufanya umeme?" Jibu ni fupi. Wimbi la kuendesha mashine hujengwa na upepo uliosafiri mamia ya kilomita juu ya maji wazi. Kivu lina urefu wa kilomita 90 hivi, na Idjwi imekaa katikati. Mawimbi yake yanatosha kulowesha abiria wa boti ya Goma, si kuwasha mji.

Swali gumu ni lile wasiloniuliza: huko Scotland na Ureno, kwenye mawimbi ya kweli, umeme huo umekwama wapi?

Septemba 2008 Ureno ilizindua mashine tatu za mawimbi za Pelamis, kampuni ya Scotland, huko Aguçadoura, kilowati 750 kila moja. Miezi miwili baadaye zilikuwa zimerudishwa bandarini. Ndiyo, kulikuwa na hitilafu ya beringi, na beringi hurekebishwa. Zilizokosekana ni pesa za kuzirudisha baharini: Babcock & Brown ya Australia, iliyokuwa nyuma ya mradi, iliporomoka katika msukosuko wa fedha wa dunia. Pelamis yenyewe ilifilisika 2014, na mwaka uliofuata Aquamarine Power, kampuni nyingine ya mawimbi ya Scotland, ikafunga.

Kisa kinachonikera zaidi ni cha Wave Hub, kule Cornwall. Mwaka 2010 Uingereza ililaza waya chini ya bahari hadi kilomita 16 hivi kutoka pwani, mradi wa pauni milioni 42 hivi, ili wenye mashine waje kujiunga. Hakuna mashine ya mawimbi iliyowahi kupeleka umeme nchi kavu kwa waya huo, na 2021 eneo likauzwa kwa kampuni ya mitambo ya upepo inayoelea. Kwa maoni yangu walinunua waya kabla ya kupanga bei.

Maana bei ndiyo roho ya jambo. Umeme wa mashine za kwanza huwa ghali, na ukiushindanisha mnadani na upepo uliokwisha kukomaa, utashindwa kila mara. Mwaka 2021 serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa mwaka kwa ajili ya mikondo ya maji kujaa na kupwa peke yake. Mwaka 2022 miradi minne ya mikondo ikapata mikataba ya kuuza umeme wake, karibu megawati 41 kwa jumla. Mawimbi hayakutengewa fungu, na hayakupata mkataba hata mmoja.

Sisi wa Bukavu hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hilo. Kwenye mto Ruzizi, kituo cha umeme cha Ruzizi I kinazalisha tangu 1958, Ruzizi II tangu 1989. Ruzizi III iko kwenye mto uleule, kwa ufundi uleule unaojulikana miaka na miaka, na umeme wake bado hatujauona. Kongo, Rwanda na Burundi zinapaswa kukubaliana juu ya ardhi, mgawo na bei. Kila shirika la umeme linatakiwa kuonyesha kwamba litalipa ankara zake kwa miaka mingi, na benki inauliza nani atadhamini lisipolipa. Katika mafaili niliyoshika, sehemu ya turbini ndiyo nyembamba kuliko zote.

Kibali cha kuweka mashine baharini nacho kina mtego wake. Wasimamizi wa mazingira wanataka data za nyangumi, ndege na mchanga kabla ya kuruhusu mashine, na data nyingine hazipatikani mpaka mashine iwe majini. Kituo cha EMEC cha kujaribia mashine za bahari, visiwani Orkney, Scotland, kilichoanzishwa 2003, kilipunguza adha hiyo: maeneo yake ya majaribio yana nyaya na tafiti tayari, kwa hiyo mgeni haanzi faili kutoka sifuri. (Ila Orkney nayo huzalisha umeme kuliko inavyoutumia, na nyaya za kwenda bara hazitoshi.)

Halafu wavuvi. Huko Oregon, Marekani, chuo kikuu cha jimbo kilipotafuta mahali pa PacWave South, kituo cha kujaribia mashine za mawimbi, kiliketi na wavuvi kuchagua eneo. Leseni ya shirikisho ilitoka 2021, baada ya miaka ya makaratasi, kwa megawati zisizozidi 20.

Hapa kwetu wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, hutoka usiku na taa, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu. Upande wa Rwanda, KivuWatt huzalisha megawati 26 kwa gesi ya methane inayovutwa na jukwaa linaloelea ziwani. Siku upande wetu utakapopata jukwaa lake, ufukweni hawataanza kwa kuuliza habari za methane. Watauliza eneo lililokatazwa linaanzia wapi, nani atawasha taa za kulionyesha usiku, na wavu ukinasa kwenye bomba ni ofisi gani italipa, ndani ya siku ngapi. Mimi ningeyaandika majibu hayo, na kiasi cha fidia, ndani ya mkataba wa mwekezaji kabla ramani haijachorwa.