Moshi wa sigara haukomei kwenye mapafu

Mvutaji akiambiwa ana saratani ya damu, hushangaa nikimuuliza kuhusu sigara. Kikohozi anakielewa, mapafu anayaelewa. Damu inaingiaje hapo?

Inaingia kupitia benzeni. Kemikali hii, ambayo imo pia kwenye petroli, hutokea tumbaku inapoungua. Ikivutwa, hupenya mapafuni na kuingia kwenye damu. Ini huivunjavunja ili itoke na mkojo, lakini baadhi ya mabaki yake hufika kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Humo hugeuka kuwa sumu kali zaidi na kuharibu vinasaba vya seli changa. Baadhi ya seli hizo, badala ya kufa, huanza kuzaana ovyo bila kukomaa. Hiyo ndiyo lukemia. Kwenye darubini naziona: seli kubwa zinazofanana, kiini kimejaa karibu seli yote, na seli zenye afya zimebaki moja moja.

Saratani za damu ni nyingi, na si zote zinazohusishwa na sigara. Ushahidi ulio imara ni wa lukemia kali ya mieloidi, aina ya lukemia inayokua kwa kasi, ambayo mwaka 2004 ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani iliitaja miongoni mwa magonjwa yanayosababishwa na uvutaji. Hatari kwa mvutaji huzidi ya asiyevuta kwa takriban asilimia 40. Hata hivyo ugonjwa huu ni nadra, na wapo wengi wanaoupata bila kuwahi kushika sigara. Tafadhali, mgonjwa asisimangwe.

Kinachonisumbua zaidi ni kuchelewa. Mvutaji akihema kwa kupanda ngazi chache, husema ni sigara tu, au ni umri. Lakini fizi zikitoka damu unapopiga mswaki, ukiona michubuko na hukujigonga popote, homa ikirudi kila mara, nenda ukapime picha kamili ya damu. Ni kipimo cha mililita chache tu.

Ukiacha kuvuta, hatari hupungua kadiri miaka inavyopita. Hata aliyekwishaanza matibabu ana sababu ya kuacha, kwa kuwa dawa za saratani hushusha kinga, na mapafu yaliyochoka kwa moshi hushambuliwa upesi na nimonia. Kwa hiyo daktari akikuuliza unavuta ngapi kwa siku na tangu lini, mwambie idadi ya kweli. Hakuhukumu, anapanga tiba ambayo mwili wako utaihimili.