Maghorofa mafupi Montreal si dalili ya mji kudorora

Wengi wakiweka picha za miji ya Kanada sambamba hukata shauri upesi: penye maghorofa marefu ndipo penye mji mkubwa. Toronto imewaharibu macho, na ule mnara wake wa CN wa mita 553.

Sasa tazama Edmonton. Ina jengo la Stantec, mita 251 hivi, wakati Montreal hakuna ghorofa linalofika huko. Lakini sensa ya 2021 iliipa Edmonton watu milioni moja na kidogo, Montreal zaidi ya milioni 1.7.

Montreal imejifunga yenyewe: jengo haliruhusiwi kupita kilele cha mlima Mont Royal, mita 233 hivi kutoka usawa wa bahari. Na Edmonton nayo ilikuwa fupi miaka mingi, kwa sababu ndege zilitua karibu kabisa na katikati ya mji. Kiwanja kile kilipofungwa 2013, maghorofa yakapata ruhusa ya kupanda.

Vancouver inalinda milima isizibwe. Ndiyo maana baadhi ya maghorofa yake yanaonekana kama yamekatwa kwa rula.