Simu janja haikuanza na iPhone
Kwenye vibanda vya mafundi wa simu pale Kondele, Kisumu, utaambiwa bila kusita kwamba simu janja ya kwanza ni iPhone. Sivyo. IBM Simon iliuzwa Marekani tangu 1994, miaka 13 kabla yake: kioo cha kugusa, barua pepe, hata faksi, kwa dola 899 pamoja na mkataba wa kampuni ya mtandao. Ilikuwa nzito kama nusu kilo ya sukari, na ukiongea saa moja hivi, chaji kwisha!

iPhone ya 2007, kuanzia dola 499, haikuwa na 3G (intaneti ya kasi ya wakati huo), haikurekodi video, wala hukuweza kunakili maandishi. Nokia N95 ya mwaka huohuo iliyaweza yote, tena na GPS ya kukuonyesha ulipo. Ilichokosa ni kioo cha kugusa. Ilibidi ubonyeze vitufe.