Wasio na kura Gigiri

Wanafunzi wangu wa uhusiano wa kimataifa wakisikia habari za wanaosukuma siasa za dunia bila kuwa serikali, jibu la kwanza ni Al-Shabaab. Sawa. Lakini wengi wa aina hiyo huja na beji shingoni na tarakilishi mkobani, na hapa Nairobi unawakuta Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa.

Chukua plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko yake Agosti 2017. Aprili 2020, wakati serikali yetu ikijiandaa kujadili biashara na Marekani, chama cha kampuni za kemikali za huko, American Chemistry Council, kiliiandikia serikali yake: mkataba uizuie Kenya kuwekea plastiki mipaka, na nchi iwe kituo cha kuisambaza Afrika nzima. Barua tu, na sheria yetu ikawa mezani pa watu ambao hatukuwachagua. Mazungumzo yale hayakuzaa mkataba.

Tarehe 2 Machi 2022, serikali zilikubaliana Gigiri kwamba uandikwe mkataba wa dunia wa plastiki. Azimio linatambua mchango wa wanaookota na kuchambua taka nje ya ajira rasmi. Sentensi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Vyama vya wazoa taka viliipigania. Baadaye Kenya na Afrika Kusini zikaongoza kundi la nchi rafiki zao.

Ukumbini, mwangalizi, yaani asiye serikali anayeruhusiwa kuhudhuria bila kura, huzungumza baada ya serikali, muda ukibaki. Kazi yenyewe iko kwenye korido: unampa mjumbe wa nchi ndogo, aliyechoka na mwenye vikao vitatu kwa wakati mmoja, sentensi iliyokwisha kuandikwa. Wengine huingia ndani ya ujumbe wa nchi kabisa. CIEL, shirika la sheria za mazingira, lilihesabu washawishi 143 wa mafuta na kemikali katika kikao cha kujadili mkataba huo wa plastiki Nairobi, Novemba 2023. Geneva, Agosti 2025, wakawa 234. Kikao hicho kilivunjika bila mkataba.

Siwatupii washawishi lawama yote, maana nchi zinazochimba mafuta, malighafi ya plastiki, zina sababu zake. Ila maamuzi hutaka wote wakubali. Mzoa taka lazima azishawishi nchi zote. Mwenye kiwanda anahitaji chache tu zikatae. Orodha za wajumbe huchapishwa. Waandishi wetu wa habari wazisome, wakianza na ya Kenya.