Mbwa halipwi, nalipwa mimi

Jumatatu saa moja asubuhi, hata chai sijanywa, sauti inaingia WhatsApp: "Dada, nimesikia NDIS wanatoa mbwa wa tiba. Mwanangu anapenda mbwa sana. Nijazie fomu." NDIS ni mfuko wa serikali ya Australia unaolipia huduma za watu wenye ulemavu. Mzazi huyo ni wa nne mwezi huu. Wote wamesikia kanisani, msikitini au saluni. Basi naandika mara moja, anayefuata nitamtumia kiungo.

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani namfundisha mtu kumudu shughuli zake za kila siku, hapa Logan, kusini ya Brisbane. Siku mbili za wiki natibu watoto kwenye shamba la farasi, na nina mbwa mmoja mzee anayekuja nami kliniki na kulala chini ya meza.

NDIS haitoi mbwa wa tiba. Mbwa wa tiba ni mbwa wa mtaalamu: asubuhi anaenda naye kazini, jioni anarudi naye nyumbani. Mpango wa mtoto, yaani bajeti anayopewa na NDIS, unanunua saa ya mtaalamu, na kwa fani yangu kikomo mwaka 2025 kilikuwa dola 193.99, bei ambayo haikuwa imesogea tangu 2019. Tukae mezani na penseli au tusimame zizini na farasi, ni hiyohiyo. Nyasi, kwato, bima ya farasi, vyote vinatoka humo. Anayesimamia fedha za mpango mwenyewe anaruhusiwa kulipa zaidi ya kikomo, lakini fungu lake haliongezeki kwa sababu hiyo.

Mbwa wa msaada ni habari nyingine kabisa. Huyo anaishi na mwenye ulemavu, na amefundishwa kazi zisizopungua tatu ambazo mwenyewe hawezi kuzifanya kwa sababu ya ulemavu wake: kumwokotea kitu kilichoanguka, kumfungulia mlango, kumzuia asishuke barabarani. Kumlalia miguuni ukapata faraja hakuhesabiwi kazi. Mafunzo yake yanagharimu makumi ya maelfu ya dola, ndiyo maana maombi yanachambuliwa kama mchele. Akikubaliwa, chakula chake na daktari wake vinaweza kulipiwa pia.

Halafu kuna yule wa kufuga. Huyo mnunulie mwenyewe. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024 kuna orodha rasmi ya yanayolipwa na yasiyolipwa, na yeye yuko upande wa pili.

Na tafadhali, lile koti lililoandikwa "mbwa wa tiba" mnaloagiza mtandaoni ni nguo tu. Hapa Queensland tuna sheria ya 2009: mbwa wa msaada anapimwa na mkufunzi aliyeidhinishwa, na mwenye mbwa anapewa kitambulisho. Dereva wa basi ataomba kitambulisho, koti hata halitazami.

Sasa tuje kwenye linalonikera kweli. Nikishaeleza yote hayo, naambiwa: "Lakini anamsaidia!" Ninajua. Kuogelea kunamsaidia. Bibi yake anamsaidia kuliko mimi na farasi tukijumlishwa. Kifungu cha 34 cha Sheria ya NDIS ya 2013 kinataka zaidi ya hapo: je, hitaji linatokana na ulemavu? Je, kuna ushahidi kwamba njia hii inafanya kazi? Je, thamani inalingana na bei ukiilinganisha na njia nyingine? Je, si jambo ambalo mzazi yeyote angemlipia mtoto wake? Ripoti inayosema "anapenda wanyama, anatabasamu" inarudi imekataliwa, na kusema kweli mimi pia ningeikataa.

Nina mvulana wa miaka saba ambaye hawezi kufunga vifungo vya shati. Vidole vinalegea, akivisukuma kidogo anaacha. Nampa brashi amsugue farasi ubavuni. Akisugua kwa ulegevu, farasi hatikisiki, na vumbi halitoki. Akikaza, vumbi linaruka, farasi anashusha kichwa na kupumua kwa kishindo. Mtoto anacheka, anakaza tena. Ninachoandika ni sekunde alizoshika na kifungo alichofunga baadaye. Kicheko sikiandiki.

Mama mmoja alilipa masomo ya kupanda farasi kwa fedha za mpango, kwa kuwa kibao getini kilisema "tiba". Mwalimu alijua farasi vizuri sana, ila hakuwa mtaalamu wa afya wa aina yoyote. Mama akatakiwa kurudisha pesa. Kwa hiyo uliza: nani hasa atakuwa na mtoto, na ana usajili gani? Rejista ya AHPRA, shirika linalosajili wataalamu wa afya Australia, iko wazi kwa wote. Kama ni mtu wa fani yangu, andika jina lake, utamwona au hutamwona.

Ukikataliwa, una miezi mitatu kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya shirika linaloendesha NDIS, kisha baraza la rufaa. Usikae na barua kabatini.

Na bibi wa Tanga aliyeniuliza kwa kunong'ona kama mjukuu akilambwa na mbwa ataosha mara saba: bibi, hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kukaa na mbwa. Niambie mapema tu, farasi wapo.

Sasa shaka yangu. Tafiti nyingi za tiba hii zina washiriki wachache na zinadumu wiki chache, na huwezi kumficha mtoto kama amepanda farasi au hakupanda. Huenda ni farasi. Huenda ni nyasi, upepo, na saa nzima bila mtu kumwambia akae kitini. Mwaka jana farasi alipata jipu kwenye kwato, akalala bandani wiki tatu. Mimi na yule mvulana tukabeba ndoo za maji na kuzoa samadi. Vifungo viliendelea vizuri vilevile. Niliyaandika hayo kwenye daftari langu la kliniki, kwenye ripoti sikuyaandika.

Ripoti yake ya mwaka huu iko mbele yangu sasa. Nimejaza kurasa sita. Sehemu inayouliza kwa nini mnyama anahitajika bado ni tupu.