Panya na kipanya hawanusi sawa
Nyumba za mawe za Mkomani, Lamu, hukaliwa na wawili: panya mweusi apitaye juu ya boriti, na kipanya ajifichaye nyuma ya magunia ya mchele. Watu husema panya ni panya, harufu imvutayo mmoja humvuta na mwenziwe. Sivyo.

Kila kipokezi cha harufu, yaani protini ya puani inasayo harufu, kina jeni yake. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walizitangaza jeni hizo mwaka 1991. Kipanya ana zaidi ya 1,000 zilizo hai, yaani zinazofanya kazi, binadamu yapata 400. Vipokezi vingi vya feromoni, kemikali ambazo wanyama wa spishi moja hupashana nazo habari, vimo kwenye kiungo kingine, kijibomba kilicho chini ya ukuta unaogawa pua. Hapo ndipo spishi zinapoachana sana: jeni hujinakili, nakala nyingine hufa, kila ukoo kivyake. Machozi ya kipanya dume yana feromoni iitwayo ESP1, na jike wa kipanya ana kipokezi mahususi cha kuipokea.

Wengi hukosea kwenye kuhesabu jeni hizi. Jeni ya kipokezi cha harufu ina herufi kama 1,000 za DNA, zisizokatizwa. Anza kusoma kwenye ATG, alama ya mwanzo, herufi tatu tatu. Katika kusoma huko, ukikutana na TAA, TAG au TGA, alama za kukoma, katikati ya mfululizo, jeni imekufa, itenge. Tahadhari nyingine, na hii ndiyo nzito: nakala jirani hufanana mno, hivyo jenomu, yaani DNA yote ya mnyama, iliyoungwa kwa vipande vifupi huzibana zikawa moja. Panya ataonekana hana jeni, kumbe zimemezwa na kompyuta.