Kuchagua maganda ya .308 kwa fedha kidogo

Risasi ya bunduki ina sehemu nne, yaani ganda, fataki inayowasha baruti, baruti yenyewe, na kichwa kinachoruka kwenda shabahani, na kati ya hizo ni ganda peke yake linaloweza kutumika tena baada ya kufyatuliwa. Ndiyo maana mtu anayejaza risasi zake mwenyewe kwa ajili ya mashindano ya shabaha, mchezo ulio halali na wenye wafuasi wengi nchini Marekani, huumiza kichwa zaidi anaponunua maganda. Mimi hujaza .308 Winchester, aina ya risasi ya bunduki iliyoingia sokoni mwaka 1952, na ninashikilia jambo moja: kwa mwenye fedha kidogo, maganda yanayofanana yenyewe kwa yenyewe, yaliyotoka katika mkupuo mmoja wa kiwanda, yana faida kubwa kuliko maganda ya jina kubwa yaliyookotwa huku na huku.

Sababu yake imo ndani ya ganda. Ganda hutengenezwa kwa aloi yenye takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki, na kwa kuwa umbo lake la nje linabanwa na chemba ya bunduki, yaani tundu risasi inamokaa ikifyatuliwa, ganda lenye metali nyingi zaidi huwa na nafasi ndogo zaidi ya baruti. Ganda la .308 huingiza maji ya takriban sentimita za ujazo 3.6. Maganda mawili yakitofautiana kwa gramu 1 ya uzito, na tofauti hiyo ikiwa kwenye kuta zake, nafasi ya ndani hutofautiana kwa karibu sentimita ya ujazo 0.12, yaani asilimia 3 hivi. Kipimo kilekile cha baruti kitaleta mgandamizo tofauti, na kichwa kitatoka mtutuni kwa kasi tofauti. Kwenye mita 100 huenda usione lolote, lakini kwenye mita 600 matundu hutawanyika juu na chini ya shabaha, na mpigaji hujilaumu bure kwa kosa ambalo si la mkono wake.

Hapo ndipo maganda ya kijeshi yanapohitaji uangalifu. Maganda ya kiwanda cha Lake City, kilichopo Independence, Missouri, hutambulika kwa herufi LC na tarakimu mbili za mwaka kwenye kitako. Yaliyokwisha kutumika huuzwa kwa bei nafuu, ni imara, na mengine hudumu vizuri sana. Hata hivyo, kwa kawaida ni mazito kuliko ya kampuni ya Winchester kwa gramu 1 au zaidi, kwa hiyo kipimo cha baruti kilichofaa kwenye ganda jepesi hakihamishwi humo kama kilivyo. Anza upya kutoka kipimo cha chini cha kitabu cha ujazaji, kisha panda kidogo kidogo. Tena fataki zake hukazwa kwa kufinywa ukingo wa shimo, na ukingo huo lazima uondolewe kwa kifaa maalumu kabla ya kuweka fataki mpya. Yaliyofyatuliwa na bunduki za rashasha mara nyingi yametanuka kupita kiasi, nami siyanunui kwa bei yoyote.

Maganda ya chuma, na yale yenye matundu mawili ya moto chini ya fataki, yaache.

Kuhusu bei, gawanya bei ya ganda kwa idadi ya mara litakazojazwa. Tuseme ganda moja linauzwa dola 1.20 na linajazwa mara 12, ilhali jingine la senti 60 linachoka baada ya mara 5: la kwanza limekugharimu senti 10 kwa kila risasi, na la pili senti 12. Kwa hesabu hiyo, maganda ya Lapua ya Finland, ambayo wengi huyaona kuwa ya anasa, yanaweza kuwa ndiyo nafuu, mradi hujazi kwa mgandamizo wa juu, kwa maana mgandamizo mkubwa hupanua shimo la fataki, na shimo likishalegea ganda hilo halifai tena. Anayetaka bei ya katikati atazame Starline ya Sedalia, Missouri. Na asiyeweza kununua maganda mapya kabisa anunue risasi za dukani za mkupuo mmoja, afyatue kwa bunduki yake, kisha ayatunze maganda hayo. Historia yake yote anaijua, na tayari yamechukua umbo la chemba yake.

Ukishayapata, pima unene wa shingo, yaani mdomo wa ganda unaokishika kichwa, kwa maikromita kabla ya kununua mizani ya gharama kubwa. Shingo nene upande mmoja hukishika kichwa kikiwa kimeelekea pembeni kidogo, na katika kutafuta usahihi kasoro hiyo huniudhi kuliko tofauti ndogo ya uzito, ambayo pengine ipo kwenye ukingo wa kitako tu na haigusi nafasi ya baruti. Yenye shingo mbovu yatenge kwa mazoezi ya karibu. Unaporudisha umbo la ganda kwa kalibu, sukuma bega, yaani mahali ganda linapopungua kuelekea shingo, nyuma kwa milimita 0.03 hadi 0.05 tu kutoka lilipokuwa baada ya kufyatuliwa. Anayelisukuma zaidi hulifanya ganda livutike kila linapofyatuliwa, hadi likatike juu kidogo ya kitako. Dalili yake ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda mahali hapo. Ingiza waya mwembamba wenye ncha iliyokunjwa, papasa ukuta wa ndani, na ukihisi mfereji, lifinye kwa koleo ili mtu mwingine asije akalijaza.